Sura ya Nne: Robota Lililouzwa na Fedha Iliyopokewa

Taarifa za fedha za kampuni ni maelezo yanayoonyesha kwa tarakimu mambo matatu: kampuni ina mali gani na inadaiwa nini katika siku fulani, imepata faida au hasara kiasi gani katika kipindi fulani, na fedha taslimu imeingia na kutoka kwa njia zipi katika kipindi hicho hicho. Jambo la kwanza huandikwa katika mizania, la pili katika taarifa ya faida na hasara, na la tatu katika taarifa ya mtiririko wa fedha, kisha taarifa hizo zote hufuatwa na maelezo ya hesabu pamoja na maoni ya mkaguzi. Hoja ya sura hii ni kwamba hakuna hata moja kati ya taarifa hizo inayotosha kusomwa peke yake, kwa sababu kampuni inaweza kuonyesha faida nzuri huku sanduku lake la fedha likikauka, na tofauti hiyo huonekana tu pale karatasi zote tatu zinapowekwa mezani pamoja.

Hoja hiyo inajadiliwa hapa kwa kutumia shughuli mbili za mkoa wa Tanga, yaani mkonge wa Korogwe na utafutaji wa dhahabu wa Handeni, ambazo kila moja huacha muda mrefu kati ya siku ya kutumia fedha na siku ya kuipokea.

Mkonge kama shule ya hesabu

Mkonge uliingizwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye kati ya miche elfu moja aliyoagiza ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, na kutoka kwenye miche hiyo michache ikazaliwa sekta iliyokuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960. Ujio wa kamba za plastiki katika soko la dunia, pamoja na matatizo ya uendeshaji yaliyofuata baada ya mashamba mengi kutaifishwa, vilishusha uzalishaji hadi chini ya tani 30,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1999 ulianza mpango wa wakulima wadogo wa mkonge chini ya kampuni ya Katani, ambapo wakulima walipewa maeneo ndani ya mashamba makubwa, na baadaye wakajiunga katika vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, katika maeneo ya Hale, Magunga, Mwelya, Ngombezi na Magoma. Kwa sababu hiyo, msomaji wa taarifa za fedha katika wilaya ya Korogwe si ofisa wa benki peke yake, bali pia ni mkulima ambaye singa zake, yaani nyuzi za mkonge, huuzwa kwa pamoja na ambaye malipo yake hufika baada ya makato.

Zao lenyewe linafundisha hesabu kuliko mazao mengi. Mkonge hukaa takriban miaka mitatu tangu kupandwa hadi kukatwa kwa mara ya kwanza, kisha huendelea kukatwa kwa miaka kama kumi hivi mpaka utoe mlingoti na kufa. Jani linapopita kwenye korona, ambayo ni mashine ya kusindika, sehemu kubwa ya uzito wake hutoka kama maji na makapi, na katika kila kilo mia za majani singa kavu zinazopatikana hazizidi kilo tano. Singa hizo huanikwa, hupigwa brashi, hupangwa kwa madaraja na kushindiliwa kuwa robota la kilo 250, ambalo husafirishwa hadi bandari ya Tanga na kumfikia mnunuzi anayeweza kulipa wiki au miezi kadhaa baadaye. Katika kila hatua kati ya hizo kuna mtu aliyekwisha kulipwa ujira, ilhali kampuni yenyewe bado haijalipwa.

Taarifa ya faida na hasara

Chukuliwe mfano wa kampuni ya kubuni yenye shamba na korona pembezoni mwa mji wa Korogwe, ambayo katika mwaka ulioishia Desemba 31 iliuza tani 300 za singa, sawa na marobota 1,200, kwa wastani wa shilingi milioni 1 kwa robota. Mauzo yake ni shilingi milioni 1,200. Gharama za uzalishaji, ambazo ni zile zinazofungamana moja kwa moja na robota lenyewe, kama vile ujira wa wakataji, mafuta ya matrekta na umeme wa korona, ni milioni 780, hivyo kinachobaki ni milioni 420, nacho huitwa faida ghafi. Kutoka hapo huondolewa gharama za utawala na uuzaji za milioni 140 pamoja na uchakavu wa milioni 100, na kubaki faida ya uendeshaji ya milioni 180. Riba ya mkopo ni milioni 60, na kodi ya mapato ya kampuni, kwa kiwango cha asilimia 30 ya milioni 120 zilizosalia, ni milioni 36, hivyo faida halisi ni milioni 84.

Maneno mawili katika maelezo hayo yanahitaji kufafanuliwa. Uchakavu ni sehemu ya bei ya mali ya kudumu inayohesabiwa kuwa imetumika katika mwaka husika, kwa mfano korona iliyonunuliwa mara moja lakini ikafanya kazi miaka kumi, na kwa kuwa fedha yake ilikwisha kulipwa zamani, uchakavu hupunguza faida bila kutoa hata senti moja benki mwaka huu. Neno la pili ni mauzo, ambayo kwa kanuni ya kihasibu huandikwa pale kampuni inapomkabidhi mnunuzi bidhaa na kupata haki ya kulipwa, si pale fedha inapopokewa. Robota likishakabidhiwa kwa mnunuzi huhesabiwa kuwa mauzo, hata kama mnunuzi huyo atalipa baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Mkulima aliyezoea kuhesabu mauzo kwa noti zilizo mkononi hana budi kulishika jambo hili kwanza, kwa kuwa ndilo chanzo kikubwa cha kutoelewana kati ya viongozi wanaotangaza faida na wanachama wanaouliza fedha iko wapi.

Mizania

Mizania huonyesha hali ya kampuni katika siku moja, na hujengwa juu ya kanuni isiyobadilika kwamba jumla ya mali ni sawa na jumla ya madeni na mtaji, kwa sababu kila kilichomo ndani ya kampuni kimenunuliwa ama kwa fedha ya wengine ama kwa fedha ya wenye kampuni. Mizania ya kampuni ya mfano, kwa mamilioni ya shilingi, ni kama ifuatavyo:

| | Mwanzo wa mwaka | Mwisho wa mwaka |
|---|---|---|
| Mali za kudumu | 900 | 960 |
| Bidhaa ghalani | 110 | 150 |
| Wadaiwa | 150 | 300 |
| Fedha taslimu na benki | 35 | 15 |
| Jumla ya mali | 1,195 | 1,425 |
| Madeni ya muda mfupi | 284 | 310 |
| Mkopo wa muda mrefu | 400 | 520 |
| Mtaji wa wenye kampuni | 511 | 595 |
| Jumla ya madeni na mtaji | 1,195 | 1,425 |

Mtaji umeongezeka kwa milioni 84, ambazo ndizo faida halisi iliyobaki ndani ya kampuni bila kugawanywa kama gawio, na hapo ndipo mizania inapoungana na taarifa ya faida na hasara. Mali za kudumu zimepungua kwa milioni 100 za uchakavu na kuongezeka kwa milioni 160 zilizotumika kupanda mkonge mpya. Gharama hiyo ya kupanda haikuingia kwenye matumizi ya mwaka, kwa sababu mimea itakayovunwa kwa miaka mingi huhesabiwa kuwa mali ya kudumu kama mashine, na huanza kukatwa uchakavu inapofikia umri wa kuvunwa. Utaratibu huo umo katika mabadiliko ya viwango vya kimataifa yaliyoanza kutumika Januari 1, 2016. Kabla ya hapo, mimea ya aina hiyo ilithaminiwa upya kila mwaka kwa bei ya soko, na ongezeko la thamani likaingia kwenye faida, hata pale ambapo hakuna jani lililokatwa. Kwa kuwa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, yaani NBAA, iliamua viwango vya kimataifa vitumike Tanzania kuanzia Julai 1, 2004, msomaji anayelinganisha hesabu za mkonge za miaka ya nyuma na za sasa lazima ajue kwamba faida za vipindi hivyo viwili hazikupimwa kwa pishi moja.

Thamani ya ardhi nayo inahitaji uangalifu. Nchini Tanzania ardhi ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 huruhusu hati ya kumiliki isiyozidi miaka 99, kwa hiyo kinachoandikwa kwenye mizania ni haki ya kutumia ardhi kwa muda uliobaki, mara nyingi kwa gharama ya zamani. Jinsi gharama ya zamani inavyoweza kuwa mbali na bei ya leo ilidhihirika Kenya, katika kampuni ya REA Vipingo, iliyokuwa na mashamba ya mkonge katika pwani ya Kilifi na pia ikimiliki kampuni ya Amboni Plantations mkoani Tanga. Mwishoni mwa mwaka 2013 wawekezaji walianza kushindana kuinunua, na ofa iliyoanza kwa shilingi 40 za Kenya kwa hisa ilipanda hadi kufikia 85. Singa hazikuwa zimeongezeka maradufu katika kipindi hicho, bali kilichogombewa zaidi kilikuwa ardhi ya pwani ambayo vitabu havikuwa vimeionyesha kwa bei ya soko. Mizania basi husema kweli kwa mujibu wa kanuni zake, lakini haisemi kila kitu.

Taarifa ya mtiririko wa fedha

Taarifa ya tatu hujibu swali la mwanachama aliyeuliza fedha iko wapi. Huanza na faida halisi ya milioni 84, ikarudisha uchakavu wa milioni 100 kwa kuwa haukutoa fedha, na jumla ikawa milioni 184. Kisha huondoa milioni 150 kwa sababu wadaiwa wameongezeka kwa kiasi hicho, na milioni 40 zilizolala ghalani kama bidhaa, halafu huongeza milioni 26 ambazo kampuni imechelewa kuwalipa watoa huduma wake. Fedha iliyotokana na uendeshaji ni milioni 20 tu. Baada ya hapo kampuni ilitumia milioni 160 kupanda mkonge na ikakopa milioni 120, hivyo fedha yake ikapungua kwa milioni 20, kutoka 35 hadi 15.

Kwa kuwa robota moja liliuzwa kwa shilingi milioni 1, wadaiwa wa milioni 300 ni sawa na marobota 300 yaliyokatwa, yaliyosindikwa, yaliyoshindiliwa na kukabidhiwa, ambayo bado hayajalipwa. Katika kila marobota manne yaliyouzwa mwaka huo, moja limeondoka na fedha yake haijarudi. Faida ya milioni 84 imo ndani ya marobota hayo, na wanunuzi wachache tu wakishindwa kulipa, faida ya mwaka mzima hufutika bila mtu yeyote kuiba chochote. Ndiyo maana kampuni inayotangaza faida inaweza kushindwa kulipa mishahara ya Januari, na kiongozi anayesema kampuni ina faida akawa anasema kweli sawa na mfanyakazi anayesema hakuna fedha.

Uchambuzi wa uwiano

Uwiano ni tarakimu moja iliyogawanywa kwa nyingine ili kupata kipimo kinachoweza kulinganishwa kati ya mwaka na mwaka, au kati ya kampuni ndogo na kubwa. Upande wa faida, kampuni ya mfano imepata faida ghafi ya asilimia 35 ya mauzo na faida halisi ya asilimia 7, kwa maana kwamba katika kila robota la milioni 1, wenye kampuni wamebakiwa na shilingi 70,000. Ikilinganishwa na mtaji wa mwisho wa mwaka, faida hiyo ni takriban asilimia 14. Upande wa mzigo wa madeni, faida ya uendeshaji ya milioni 180 inaweza kulipa riba ya milioni 60 mara tatu, na jumla ya madeni, milioni 830, ni takriban mara 1.4 ya mtaji.

Vipimo hivyo havitishi, na kimoja kinachofuata hata kinafurahisha. Uwiano wa mali za muda mfupi kwa madeni ya muda mfupi, unaopima uwezo wa kulipa madeni yanayokaribia, ulikuwa 1.04 mwanzoni mwa mwaka na umepanda hadi 1.5. Msomaji wa haraka angehitimisha kwamba kampuni imeimarika, ilhali kilichopandisha uwiano huo ni ongezeko la wadaiwa na bidhaa ghalani, huku fedha taslimu ikipungua kwa zaidi ya nusu na kuwa chini ya asilimia 5 ya madeni ya muda mfupi. Kipimo kinachofichua hali hiyo ni siku za kukusanya madeni, ambazo hupatikana kwa kugawa wadaiwa kwa mauzo na kuzidisha kwa 365. Hapa jibu ni siku 91, na iwapo mauzo ya mwaka uliotangulia yalikuwa milioni 1,100, basi kipimo cha mwaka huo kilikuwa siku 50. Wanunuzi sasa wanalipa kwa kuchelewa siku 41 zaidi, na swali linalofaa kuulizwa ni wanunuzi gani, kwa mkataba upi, na kwa nini masharti yamelegezwa. Uwiano hautoi hukumu. Kazi yake ni kumwelekeza msomaji mahali pa kuuliza.

Handeni: kampuni isiyo na mauzo

Handeni inaleta hali tofauti, kwa kuwa kampuni ya utafutaji wa madini inaweza kuishi miaka mingi bila kuuza gramu moja ya dhahabu. Katika wilaya hiyo, hasa kwenye kilima cha Magambazi, kampuni ya Kanada iliyoitwa Canaco Resources ilifanya uchorongaji uliovuta macho ya masoko ya hisa karibu na mwaka 2010, na kampuni iliyosajiliwa Nevada, Marekani, ya Douglas Lake Minerals, ilipata leseni za utafutaji wilayani humo kutoka kampuni ya IPP Gold kwa makubaliano ya mwaka 2010, kisha mwaka 2012 ikabadili jina na kuitwa Handeni Gold. Malipo ya leseni hizo yalikuwa hisa 133,333,333 za kampuni yenyewe.

Malipo ya namna hiyo ni somo kubwa. Kwa kuwa hakuna fedha iliyotoka, ununuzi huo hauingii katika mtiririko wa fedha, bali huelezwa pembeni kama muamala usiohusisha fedha, wakati mtaji ulioandikwa hupanda na mwenye hisa wa zamani hubaki na sehemu ndogo zaidi ya kampuni ile ile. Aidha, viwango vya kimataifa huipa kampuni nafasi ya kuchagua ama kuandika gharama za utafutaji kuwa mali ama kuziingiza moja kwa moja kwenye matumizi. Kampuni mbili zinazochoronga vilima jirani zinaweza basi kutoa mizania zisizofanana, moja ikionyesha mali nyingi na nyingine hasara kubwa, ingawa mashine zao zimetoboa mita sawa za mwamba. Kwa kampuni ya aina hii kuanza na faida ni kupoteza muda, na kipimo chenye maana zaidi ni fedha iliyopo ikigawanywa kwa matumizi ya mwezi, ambacho huonyesha miezi mingapi kampuni inaweza kuendelea kabla ya kwenda tena kwa wawekezaji.

Maelezo, mkaguzi na mkutano mkuu

Kurasa za mwisho, yaani maelezo ya hesabu, ndizo zinazosomwa kwa nadra zaidi, ilhali ndimo zinamoelezwa kanuni zilizotumika, masharti ya mikopo, dhamana zilizowekwa, kesi zilizoko mahakamani na biashara kati ya kampuni na viongozi wake. Maoni ya mkaguzi nayo yana ngazi nne: hati safi, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha, na mkaguzi kushindwa kutoa maoni kwa kukosa vielelezo. Hati safi humaanisha kwamba taarifa zimeandaliwa kwa usahihi katika mambo yote ya msingi, wala haimaanishi kwamba kampuni inaendeshwa vizuri. Kampuni ya mfano, pamoja na fedha yake ya milioni 15, ingeweza kupata hati safi bila tatizo.

Kwa vyama vya ushirika, Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 imeunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika kusimamia sekta hiyo, na ukaguzi wa hesabu hufanywa hasa na COASCO, shirika la serikali lenye jukumu hilo. Mkutano mkuu hupitisha pia ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa, na mwanachama anayenyoosha mkono kukubali kiwango hicho bila kuitazama mizania anaahidi kulipa kwa singa ambazo bado ziko shambani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari sasa lipo, linakaguliwa na kusomwa mbele ya wanachama, na kinachopungua ni msomaji anayelinganisha ukurasa mmoja na mwingine. Kazi hiyo haihitaji shahada. Mkulima wa Magoma au Mwelya anayejua kuhesabu marobota anaweza kuchukua tarakimu ya wadaiwa, akaigawa kwa bei ya robota moja, akapata idadi ya marobota yasiyolipwa, kisha akasimama mkutanoni na kuuliza ni nani aliyeyachukua na atalipa lini, nalo jibu la swali hilo ndilo litakalomweleza kama faida aliyosomewa ni ya kweli au bado ni ahadi.